Komeo la Nje

Tarehe 3 Machi

Dada,

Habari za kambini? Sisi wazima, Mama mzima. Naandika haraka, maana dereva wa lori la vyakula anaondoka sasa hivi na mimi nina vumbi la rangi mpaka kwenye kope.

Nimeanza ile kazi ya basi la Mama. Ilitakiwa ifanywe siku nyingi. Wewe mwenyewe ulisema kutu imeanza kula chini ya madirisha, na kweli, nilipopiga msasa upande wa dereva kidole kikatoboa bati. Nimekata sehemu zilizooza, nimechomelea bati jipya, nimepaka rangi ya kuzuia kutu mikono miwili. Jina la shule limetoka kwa shida. Walioliandika hawakuwa na mchezo, nimelikwangua mpaka grenda ikanuka moshi. Na njano yote inaondoka. Mtu wa usalama barabarani alipita akasema njano ni ya mabasi ya wanafunzi tu, nyumba ya mtu haiwezi kukaa kando ya barabara imevaa sare ya shule. Nimechagua kijivu. Kinaficha vumbi.

Halafu ulinzi. Wezi wamezidi mtaani. Madirisha yote nimeyawekea nondo na nimezichomelea kwenye fremu, mtu hawezi kuzing'oa. Mlango wa dharura wa kule nyuma nimeuchomelea kabisa, maana kitasa chake hata mtoto angekifungua. Mlango wa mbele nimeuwekea komeo la chuma kinene kwa nje, na kufuli kubwa. Sasa Mama analala salama.

Usijali kitu. Kila kitu kiko mikononi mwangu.

Mdogo wako,
Msumari


Tarehe 9 Machi

Msumari,

Barua yako nimeisoma nimesimama jikoni na sufuria imechemka ikamwagika kwa ajili yako. Mara ya kwanza nilifurahi. Nikasema mdogo wangu amekuwa mtu. Kisha nikairudia, na damu ikaanza kunichemka mimi.

Nani amekuambia upake kijivu? Mama? Nionyeshe kwenye barua yako mahali ulipoandika Mama amesema. Nimetafuta sijapaona. Umeandika Mama mzima, basi, ukahamia kwenye kutu. Lile basi si lako wala si langu. Mama alisimama kwenye mlango wake tangu wewe hujaota meno, akiwapandisha na kuwashusha watoto wa watu, mpaka shule ikafungwa wakampa basi bovu badala ya kiinua mgongo. Watoto walimwita Mama Mlango, na walimu nao wakamwita hivyo hivyo. Alipoliwekea kitanda na jiko akahamia humo, mimi na wewe tulimcheka, halafu tukanyamaza tulipoona amelipenda. Leo unalikwangua kwa grenda na kulipaka rangi ya mlango wa choo cha stendi, eti inaficha vumbi.

Na huyo mtu wa usalama barabarani ametoka wapi? Basi lenyewe halina injini. Linakwenda wapi mpaka atishwe nalo?

Jambo la pili limenikaa kooni zaidi. Mimi si fundi, lakini nimepanga vyumba vingi kuliko wewe. Mtu anayeogopa wezi hujifungia kwa ndani. Komeo la nje linamlinda nani? Mama akiwa ndani amelala, nani analifunga, na asubuhi nani analifungua? Nieleze polepole, mimi mpishi tu.

Na mlango wa dharura umeuziba wakati Mama anapikia mle ndani. Una akili timamu kweli?

Nijibu na lori hili hili. Mwambie Mama naye aongeze mistari miwili kwa mkono wake.

Dada yako


Tarehe 15 Machi

Dada,

Mtu akifanya kazi kwa mikono, wewe unaikosoa kwa kalamu. Uliondoka hapa ukaniachia kila kitu. Paa likivuja ni Msumari, Mama akiumwa jino ni Msumari, choo kikiziba ni Msumari. Sawa, nimekubali. Lakini huwezi kukaa huko kwenye kambi isiyo hata na mtandao wa simu ukanipangia bawaba ikae upande gani.

Komeo la nje ni la Mama akienda sokoni. Anafunga, anatia ufunguo kwenye pochi, anaondoka. Akirudi anajifungia kwa ndani na kile kitasa cha zamani. Ni hayo tu, hakuna fumbo. Mlango wa dharura nitauangalia nikipata nafasi.

Mama hajaandika kwa sababu miwani yake imevunjika kioo kimoja. Anakusalimu sana. Kijivu amekipenda.

Umebaki mkono mmoja wa mwisho wa rangi. Basi linang'aa, mke wangu anasema sasa linaonekana ofisi.

Msumari


Tarehe 22 Machi

Msumari,

Mwongo mkubwa wewe.

Nilimpa dereva wa lori kifurushi cha Mama nikamwambia, usimpe mdogo wangu, mpe Mama mkononi. Amefika asubuhi watu wakiwa kazini. Akakuta kufuli linaning'inia nje, akajua hakuna mtu, akageuka aondoke. Ndipo Mama akamwita kutoka dirishani. Akamwambia, pitisha hapa kwenye nondo, mwanangu, mlango huu una mwenyewe. Kifurushi hakikupita. Ilibidi akifungue pale nje, apitishe shuka limekunjwa kwa urefu, sabuni mche mmoja mmoja, majani ya chai pakiti kwa pakiti, na Mama anapokea ndani na kusema asante kila mara. Dereva yule ni mtu mzima, ameona mengi njiani. Alipokuja jikoni kwangu alishindwa kunitazama usoni. Akaniuliza, dada, mama yenu amefanya nini?

Sasa nakuuliza wewe. Amefanya nini? Umemfungia mama yako mzazi kwenye bati, kwenye jua hili. Mlango mmoja umeuziba kwa moto, wa pili ufunguo unatembea nao mfukoni, unakwenda kuchomelea mageti ya watu halafu jioni unarudi kumfungulia. Na miwani yake ilikuwa usoni, mizima, vioo vyote viwili. Nimemuuliza dereva.

Kumbe msasa wote ule, bati jipya, wezi, mtu wa barabarani, ulikuwa unajenga selo. Na mimi mjinga nimekaa hapa nagombana na wewe habari ya kijivu.

Usiniletee tena hadithi ya kuachiwa mzigo. Najua nimeondoka, silisahau hilo hata siku moja. Nijibu swali moja tu, kwa nini. Ukinipiga chenga tena naacha kazi nije, hata kwa miguu.

Dada yako


Tarehe 27 Machi

Dada,

Sawa. Nilitaka kungoja urudi, tukae tuongee uso kwa uso. Umelazimisha.

Mama anaumwa kichwa, ule ugonjwa wa kichwa usio na dawa. Mwanzoni mwa mwezi wa pili, siku ya mvua, alikuja mtu karakana anakimbia akaniambia, wahi kwa mama yako, wanataka kuchoma basi. Nimefika nimekuta umati. Watu wameshika mawe, kioo kimoja cha nyuma kimeshapasuka. Ndani Mama amekaa kwenye kiti chake cha mlangoni, mlango ameufunga, na pembeni yake kuna katoto ka watu kamevaa sare ya shule. Nje mjomba wa kale katoto anapiga mlango kwa ngumi, anasema nipe mtoto wetu, na Mama anamtazama tu kwenye kioo. Watu wanasema huyu bibi anaiba watoto. Unajua neno hilo linavyommaliza mtu. Likishasemwa, hakuna anayengoja maelezo.

Mama wa mtoto alifika, Mama akafungua, akamtoa. Mimi nikasimama pale nikawaomba watu msamaha mpaka sauti ikakauka. Wakaondoka mmoja mmoja, na mawe yao mkononi.

Nilidhani yamekwisha. Siku chache baadaye nikamkuta amesimama kwenye kona saa ya wanafunzi kurudi, amevaa koti lake la kazi la zamani. Kesho yake tena. Kila siku. Anangoja basi la shule, Dada, na shule yake ilishafungwa. Nikamwambia, Mama twende ndani. Akanitazama akasema, niko kazini. Ungefanya nini wewe? Na ile njano inawaita watoto, wanalikimbilia basi wakidhani ni lao. Mtoto mwingine mmoja tu akiingia mle watu watalichoma na Mama akiwa ndani, na safari hii sitawahi.

Kwa hiyo ndiyo, nilidanganya. Hakuna mtu wa barabarani wala wezi. Nondo ni za mawe, kijivu ni cha watoto, komeo ni la Mama. Nililichomelea mwenyewe huku nalia, kama unataka kujua. Wewe una hasira tu. Mimi nina hasira, na nina Mama pia, kila siku.

Msumari


Tarehe 2 Aprili

Shikamoo Mama,

Natumaini vitu vilifika na shuka umelipenda. Msumari ameniambia kidogo yaliyotokea. Usiwe na wasiwasi Mama, hakuna anayekulaumu. Umri ukienda mambo kama haya yanampata mtu yeyote.

Unakula vizuri? Usingizi unapata? Nimemwandikia Msumari kwa ukali mwanzoni, lakini sasa naona na yeye yamemfika shingoni. Tutatafuta njia nyingine isiyo ya kufuli, nakuahidi. Wewe tu, Mama, jitahidi kukumbuka kwamba shule ilifungwa. Wale watoto sasa ni watu wazima, wana watoto wao. Huna haja ya kusimama kona tena. Kazi yako uliimaliza, na uliifanya vizuri sana. Sasa pumzika.

Nikipata ruhusa nitakuja tukamwone daktari mzuri, taratibu, bila haraka. Ukishindwa kuandika, mwambie dereva neno moja tu, ataniletea.

Binti yako anayekupenda


Tarehe 6 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Naandika mwenyewe kama unavyoona. Mwandiko huu ndio uliotia sahihi ripoti zako zote za shule, hata zile ulizozificha chini ya godoro.

Barua yako imenikasirisha kuliko komeo la mdogo wako. Yeye ni mwoga, na mwoga hufunga milango. Wewe umeniandikia kama unamwandikia mtoto wa kunyonya. Unakula vizuri, usingizi unapata. Eti nijitahidi kukumbuka kwamba shule ilifungwa. Mimi ndiye niliyemshusha mtoto wa mwisho siku ya mwisho, nitasahau vipi? Mmeandikiana ninyi wawili mpaka dereva wa watu amechoka, mkakubaliana mimi nina ugonjwa gani. Nani kati yenu ameniuliza mimi kilichotokea? Sasa nisikilize, halafu ndipo uniletee daktari.

Siku ile ya mvua basi la ile shule mpya lilisimama kona, likamshusha mtoto wa kike mdogo kabisa, likaondoka. Hakuna aliyekuja kumpokea. Matroni wao hata ngazini hakushuka. Mtoto kabaki kando ya barabara, mvua inampiga. Nikamleta ndani, nikamvua soksi, nikampa chai. Nikafunga mlango nikakaa kwenye kiti changu kungoja mtu wake. Hiyo ndiyo kazi, binti yangu, wala haina siri. Mtoto asiyepokelewa haachwi barabarani. Na hapewi mtu ambaye humjui sura, hata awe amevaa suti, hata aje analia. Anapewa mzazi wake, au mtu ambaye mzazi alikuja naye akakuonyesha, huyu hapa. Ndivyo nilivyofanya kazi maisha yangu yote, na sikupoteza mtoto hata mmoja.

Akaja huyo mwanamume anasema yeye mjomba. Nikamwinamia mtoto, nikamuuliza, unamjua? Akanyamaza. Mtoto akinyamaza mimi sifungui. Mwanamume akaanza kelele, watu wakajaa, mawe yakaanza. Ndiyo, alikuwa mjomba wake kweli, amehamia juzi juzi, mtoto bado hajamzoea. Ningejuaje? Na kama asingekuwa mjomba, hao wenye mawe leo wangekuwa wanasema nini? Ikitokea tena kesho, sifungui tena.

Mama wa mtoto alipofika nilimkabidhi mtoto wake mkononi, akanishukuru mbele ya wote. Jambo likawa limekwisha. Ndipo mdogo wako akapanda kwenye ngazi ya basi langu, akawageukia watu akasema, jamani msameheni mama yangu, kichwa chake hakiko sawa, ni mgonjwa. Hakunong'ona. Mtaa mzima ulisikia na yule mtoto alisikia. Watu wakashusha mikono, wakaanza kunihurumia. Binti yangu, mimi ningechagua mawe.

Hilo najua hakukuandikia, maana ungeniuliza.

Sasa habari ya kona. Kesho yake mama wa yule mtoto alirudi, akakaa hapa akanywa chai, akaniomba niwe nampokea mwanawe kila siku kwa vile yeye huchelewa kazini. Nikakubali. Nilifurahi, sikufichi, sijafurahi hivyo tangu waniambie shule inafungwa. Nikatoa koti langu nikalipiga pasi. Mdogo wako aliponikuta nilimwambia niko kazini, na nilikuwa kazini. Hakuuliza kazi gani. Akaenda kununua nondo.

Nilimweleza yote mara moja, jioni, baada ya komeo. Akanishika mkono akasema, sawa Mama, sawa, kwa ile sauti ya watu wanaotembelea wagonjwa. Sikurudia. Mtu akishakutangaza kichaa, kila unachojieleza kinakuwa dalili nyingine.

Mtoto yule bado anashushwa pale kona. Namwona kupitia nondo. Anasimama anatafuta basi la njano, halioni, anakaa juu ya begi lake mpaka mama yake aje. Amedhani nimehama. Hapo ndipo ninapokasirika. Lakini sipigi kelele. Siwezi kuwapa raha hiyo.

Usije. Bado nina akili ya kutosha kwa mtoto wangu mmoja.

Mama yenu


Tarehe 10 Aprili

Msumari,

Mama ameniandikia. Barua yake nimeitia humu ndani ya bahasha. Isome umekaa.

Nilikuuliza kwa nini, ukanijibu, nikakuamini. Kisha nikamwandikia mama yangu upuuzi ambao nikiukumbuka natamani ardhi inimeze. Kwa hiyo sijitoi. Lakini si mimi niliyepanda kwenye ngazi yake nikamvua nguo mbele ya mtaa. Hilo uliliruka. Ulikumbuka kuniandikia mvua, mawe, machozi yako, lakini hilo ukaliruka.

Kata komeo leo. Fungua na mlango wa dharura. Halafu umwombe radhi mbele ya watu wale wale, kwa sauti ile ile. Mama amesema nisije, lakini nimeshaomba ruhusa. Nikifika nikakuta kufuli nitakuzaba vibao mbele ya mkeo, na ndevu zako hizo.

Dada yako


Tarehe 19 Aprili

Dada,

Vibao vyako vimechelewa. Mama amekutangulia.

Bahasha yako niliipokea asubuhi kwa dereva, nikaitia mfukoni bila kuifungua. Nilijua ni matusi. Nikapita kwa Mama kumfungulia kabla ya kazi, kama kawaida, anawe uso, anywe chai, apunge upepo, kisha nimfungie niende. Nikakuta ameshavaa koti lake. Sikujali. Akaniambia, tena kwa upole, kwamba rangi ya ndani, kule nyuma karibu na mlango wa dharura, imeanza kutoa malengelenge. Unanijua. Hakuna kitu kinachoniumiza kama rangi kutoa malengelenge. Kufuli na ufunguo wake nikaviacha vinaning'inia pale pale nje, nikaingia, nikapiga magoti nikapapasa bati. Rangi haikuwa na tatizo lolote. Nikasikia komeo linaingia.

Nilicheka kwanza. Nikamwita, Mama, acha utani. Nikachungulia nikamwona anatia ufunguo kwenye pochi, anavuka barabara. Hakugeuka.

Hapo nikakasirika. Nikasema mnaona sasa, si nilisema kichwa kimeharibika. Nikaupiga mateke mlango wa dharura, nikavuta nondo moja baada ya nyingine. Dada, mimi ni fundi mzuri. Hakuna kilichotikisika. Jua likapanda, na kijivu kinavuta joto kuliko njano, jambo ambalo fundi wa rangi anapaswa kulijua. Nikavua shati nikakaa kwenye kiti cha Mama. Kwa kukosa la kufanya nikafungua bahasha.

Nikasoma yako. Nikasoma ya Mama. Ile jioni niliyomshika mkono naikumbuka vizuri. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba Mama ameongea sana leo, maskini, na mimi sikumkatiza. Nilijiona mtoto mwema. Nilipofika hapo kwenye barua nikashindwa kuendelea, nikaiweka chini, nikaiokota tena.

Kisha nikataka kutoka. Kazi sikuikumbuka tena, nilitaka kumkimbilia tu. Nikapiga mlango. Kibanda cha fundi cherehani kinatazamana na mlango wa basi, alikuwepo anashona. Aliinua uso, akarudi kwenye kitambaa chake. Nikapiga kwa ngumi zote mbili, nikaita. Wakapita wanawake wawili na ndoo zao. Mmoja akatazama basi akatikisa kichwa kwa huruma, wakaendelea na maongezi. Nikapaza sauti, nikasema nifungulieni, mimi ni mzima. Mwenye duka la pembeni akaongeza sauti ya redio.

Hawana kosa. Siku niliyoweka komeo nilipita mlango kwa mlango, nikawaambia, mkisikia kugongwa msijali, mkiitwa msiitike, na akiwaambia ni mzima msimwamini, huo ndio ugonjwa wenyewe. Hilo nalo sikukuandikia. Nikakaa sakafuni nikaelewa kwamba siku zote hizi, kama Mama angeita, ingekuwa hivi hivi. Naye hakuita hata mara moja.

Saa ya wanafunzi basi lao likaja kona. Mama alikuwepo. Mtoto alishuka, akamwona, akamrukia mpaka begi likaanguka. Mama hakumleta huku. Alikaa naye kwenye benchi la fundi cherehani, akamfunga kamba za viatu, wakaongea. Nikagonga tena. Fundi cherehani akamtazama Mama aliye pembeni yake, akatazama basi, na nikaona kwenye uso wake amejua ni nani aliye ndani. Hakuinuka. Mtoto akauliza kitu huku ananyoosha kidole upande wangu, Mama akamjibu, sijui alimjibu nini. Mpaka mama wa mtoto alipokuja wakaagana, ndipo akavuka barabara.

Alifungua. Akanyoosha mkono, nikaushika, nikashuka ngazi. Nikamwomba radhi pale pale, kwa sauti, mbele ya fundi cherehani na mwenye duka na waliokuwa wanapita. Nikasema Mama yangu hana ugonjwa wowote na hajawahi kuwa nao, mimi ndiye nilisema uongo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, umemaliza? Nikasema nimemaliza. Akasema, kata vyuma vyako, uniachie milango yangu yote wazi, kisha nenda kwako, na usikanyage hapa mpaka nikuite.

Nimekata komeo, nimekata nondo, mlango wa dharura nimeuchomoa na kuurudisha na bawaba mpya. Nilimwambia nitalipaka njano tena kwa mkono wangu, bila haraka, mpaka aikubali mwenyewe rangi yake. Amekataa. Amesema atatafuta fundi mwingine.

Njoo ukitaka, lakini usije kunigombeza, hakuna ulichobakiza ambacho sijajiambia. Kila jioni nikitoka karakana napita upande wa pili wa barabara. Mlango uko wazi, amekaa kwenye kiti chake. Ananiona, nami najua ananiona.

Bado hajaniita.

Msumari